Twaogopa Stima, Gundi Twaiacha

Wazazi wengi huniuliza kama transfoma iliyo karibu na nyumba yaweza kuharibu ubongo wa mtoto. Nguvu za sumaku za nyaya za stima hupungua upesi unaposogea mbali nazo. Ni kweli kwamba mwaka wa 2002 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema huenda zikaleta saratani, kwa sababu ya uhusiano hafifu na saratani ya damu kwa watoto. Kuhusu ubongo, sijaona ushahidi wa kunitisha.

Lakini ni nani aliyewahi kuniuliza juu ya wale watoto wa mitaani wenye chupa ya gundi mdomoni?

Gundi ya viatu mara nyingi huwa na toluini. Mvuke wake hupita mapafuni, ukaingia kwenye damu na kufika ubongoni kwa sekunde chache. Hupenda mafuta, na ubongo umejaa mafuta. Mtoto akivuta kwa miaka, utando unaofunika neva huharibika: hutembea akiyumba, mikono ikitetemeka, na kusahau hata alilofunzwa jana. Figo nazo hupoteza potasiamu, misuli ikalegea.

Askari na wenye maduka, tafadhali msimkimbize mtoto aliyetoka kuvuta. Mvuke huo huvuruga mapigo ya moyo, na mshtuko wa ghafla waweza kuusimamisha kabisa. Mwondolee chupa kwa upole, mketishe penye hewa safi. Nanyi mafundi wa viatu na wapaka rangi, fungueni madirisha mnapofanya kazi.