Mtihani wa Mmoja, Maandalizi ya Wawili

Mwezi huu tuweke maua na kadi pembeni, tuongelee penzi na Hisabati. Ndiyo, Hisabati ile ile uliyoiaga Kidato cha Nne ukaapa hamtaonana tena.

Hivi karibuni nilikuwa Karagwe, nikaendelea hadi Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, ambayo ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kila nilipopiga stori na matabibu vijana, wale tunaowaita "dokta" pale kituo cha afya, wimbo ulikuwa mmoja: nataka kurudi shule, nisomee udaktari kamili. Nia ipo, kichwa kipo. Kinachowakwamisha wengine ni cheti cha zamani.

Wenzetu Uingereza wana UCAT na Marekani wana MCAT, mitihani maalumu ya kumpima anayetaka kuingia chuo cha udaktari. Sisi tunaangalia vyeti. Aliyemaliza Kidato cha Sita anapimwa kwa Fizikia, Kemia na Baiolojia, ile PCB yetu. Tabibu mwenye diploma anapitia mlango mwingine: mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) unamtaka awe na GPA isiyopungua 3.0, kisha unageuka kukagua Kidato cha Nne. Angalau D kwenye Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza.

Sasa D inaanzia alama 30. Mtu ameshazalisha kina mama kwa mwanga wa tochi, lakini alama 30 za Hisabati alizozikosa akiwa na miaka 17 zimemfungia mlango. Dawa ipo: ajisajili Baraza la Mitihani (NECTA) kama mtahiniwa wa kujitegemea, arudie somo hilo Novemba.

Utauliza, haya yanahusu nini jarida la mahusiano? Yanahusu sana. Wengi wa hawa wana ndoa na watoto.

Dada mmoja niliyekutana naye ni tabibu, mumewe ananunua na kuuza maharage Omurushaka. Akaniambia, "Dada, mimi siogopi kipeuo cha pili. Naogopa kumwambia mume wangu." Alikuwa anajisomea kwa siri, usiku, kwenye simu. Mume naye aliuona mwanga wa simu saa sita za usiku, akahesabu anavyojua yeye. Ugomvi ukawaka. Kumbe mwanaume aliyekuwa anamwonea wivu ni mitihani ya miaka iliyopita!

Siri ilipofichuka, mume aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Shemeji, sio kwamba namkataza. Nahesabu miaka." Udaktari ni miaka mitano chuoni, ongeza mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Jumla sita. Mtoto wao wa miaka minne atakuwa na kumi. Na lile ambalo wanaume wengi hawalisemi: akirudi na koti jeupe, atanitazama vile vile?

Mimi sioni kama huo ni wivu wa kijinga. Ni swali halali, na linastahili jibu kabla hamjanunua kitabu hata kimoja. Kaeni chini muongee mambo matatu.

Kwanza, kalenda. Usajili wa mtihani hufungwa miezi mingi kabla ya Novemba, matokeo kwa kawaida hutoka Januari, na dirisha la maombi ya vyuo hufunguliwa katikati ya mwaka. Maana yake haondoki kesho. Mna mwaka mzima na zaidi wa kujipanga, mkiuanza pamoja. Na someni mwongozo wa mwaka husika, maana vigezo hubadilika.

Pili, saa. Tabibu ana zamu za usiku, na akirudi anasubiriwa na mtoto, ndizi za kumenya na wageni wasiopiga hodi. Mpeni saa moja na nusu kila siku isiyoguswa na mtu. Mume anayemenya ndizi na kumlaza mtoto saa hiyo amesaidia kuliko yule aliyenunua kitabu akakaa kwenye kochi. Maswali yafanywe kwa kalamu na saa mezani, sio kusomwa kama gazeti. Na asilenge 30, alenge 50, kwa sababu chumba cha mtihani nacho kinakata kodi yake. Halafu Novemba ni msimu wa senene. Mtaa mzima utakesha kwenye taa, mtahiniwa alale.

Tatu, hela na umbali. Bugando, Mwanza, ndiyo ya karibu kwa watu wa Kagera, na bado kuna ziwa katikati. Muhimbili iko Dar, KCMC iko Moshi. Nani atabaki na mtoto? Mtaonana mara ngapi kwa mwaka? Mshahara utaendelea? Kama ameajiriwa, ruhusa ya masomo iombwe mapema na kwa maandishi. Mkopo wa HESLB uombwe kama ana sifa zake, ila msiuingize kwenye bajeti kabla haujatoka. Na hela ya kahawa, kama mnayo shamba, mnajua wenyewe haiji kila mwezi.

Wale wawili wa Omurushaka bado hawajaafikiana yote. Mwanza inawaumiza vichwa. Lakini Hisabati wamekubaliana, na dada sasa anasoma sebuleni, taa imewaka, saa mbili usiku.

Na wewe, ukimkuta mwenzio anakesha na simu, kabla hujauliza "nani huyo?", jaribu kwanza kuuliza "swali la ngapi hilo?" Tukutane mwezi ujao.