Si Kila Gharika ni Kudura

Ukikaa na wakulima wa Kabazi, kule Subukia, na mazungumzo yakafika kwenye mvua, hutakosa kusikia majibu matatu. Mmoja atasema kwamba majira yamo mikononi mwa Mungu, na binadamu hana la kuongeza. Wa pili atawalaumu waliokata miti. Wa tatu, ambaye mara nyingi ni kijana aliyesoma, atasema kuwa lawama ni ya nchi zenye viwanda vikubwa. Kila jibu lina ukweli wake, lakini taabu huanza pale jibu moja linapofanywa kuwa jibu la kila jambo.

Tuanze na yule kijana. Amesema kweli. Joto la dunia limepanda kwa zaidi ya digrii moja tangu zama za kuanza kwa viwanda, na chanzo kikubwa ni moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi. Bara zima la Afrika hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa hizo chafu. Basi si haki kumwambia mkulima wa ekari mbili za mahindi kwamba yeye ndiye aliyeiharibu dunia.

Na yule wa miti je? Naye hakukosea, ila mti na moshi ni mambo mawili. Mwaka 2001 serikali ilikata sehemu kubwa za msitu wa Mau Mashariki na wa Nakuru ili watu wagawiwe ardhi. Msitu ukiondoka, maji hayapati wa kuyazuia; hutelemka kwa kasi yakichukua udongo, na mito hukauka mapema kiangazi kifikapo. Hilo ni kosa letu wenyewe, wala London haihusiki.

Sasa tumtazame yule anayemwachia Mungu yote. Imani si kosa. Lakini tukumbuke usiku wa Mei 9, 2018, pale Solai, jirani na Kabazi, bwawa la Patel lilipopasuka na kuua watu zaidi ya 40. Mvua ilikuwa kubwa mno, hapana ubishi. Hata hivyo, kamati ya Seneti iliyochunguza msiba huo ilisema bwawa lilijengwa bila idhini iliyotakiwa. Tena Aprili 29, 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yalizuiliwa na takataka kwenye mfereji ulio chini ya reli, kisha yakafumuka alfajiri na kuwafagia makumi ya watu. Mvua ilitoka mbinguni. Bwawa na mfereji vilikuwa chini ya ulinzi wa binadamu.

Hapa ndipo ilipo hatari ya maneno yetu. Neno “kudura” likitamkwa upesi makaburini, hakuna tena anayeuliza nani alipaswa kukagua ukuta wa bwawa. Na siku hizi limezuka neno jingine la kujifichia. Viongozi wetu wamejifunza kusema “mabadiliko ya tabianchi” kila mafuriko yanapotokea, kama kwamba jina hilo kubwa linafuta madaraka yao. Kwa kweli linayaongeza. Ikiwa wataalamu wanasema mvua kubwa zitazidi kuwa kubwa, basi mabwawa yanahitaji kukaguliwa zaidi, na mifereji kuzibuliwa kabla ya msimu wa masika.

Kenya imekuwa na sheria ya mabadiliko ya tabianchi tangu 2016. Sheria hiyo haitamfaa mkulima wa Kabazi kitu ikiwa yeye mwenyewe anaamini hakuna wa kuulizwa. Nchi tajiri na ziulizwe juu ya moshi wao. Serikali na iulizwe juu ya misitu na mabwawa. Na sisi tuulizane juu ya mteremko tunaoulima mpaka ukingoni mwa mto. Yatakayobaki baada ya hapo, hayo ndiyo tumwachie Mungu.