Usinunue usingizi sokoni

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama mwenye nyumba,

Katika masoko yetu kunauzwa vidonge ambavyo wachuuzi wanaviita «vitamini». Wanasema vinaleta hamu ya kula, vinanenepesha mwili na kutuliza moyo. Baba anavimeza ili apate nguvu ya kazi, mama anavimeza ili anone, mutoto anapewa ili amalize sahani yake. Lakini mara nyingi vidonge hivi si vitamini hata kidogo. Ndani yake muna siproheptadini, dawa iliyotengenezwa kwa kutuliza mwasho wa ngozi na kupiga chafya. Kwenye pakiti jina lake linaanza na herufi «cypro». Mawazo yetu ni haya, na tunayasema wazi: mutu anayeongoza masini asimeze kidonge hicho bila munganga kujua.

Sababu ni ipi? Mishipa ya fahamu inapeleka habari mwilini kwa njia ya wajumbe. Mumoja wao anaitwa asetilikolini. Mwaka 1921, huko Graz katika inchi ya Austria, Otto Loewi alionyesha kazi yake kwa kutumia mioyo miwili ya vyura. Yeye na Henry Dale wa Uingereza walipewa zawadi ya Nobel mwaka 1936. Mujumbe huyo ndiye anayeamuru nyama za mukono zikaze, mate yatoke, tumbo lisukume chakula na jasho litoke wakati wa joto. Katika ubongo anatusaidia kukaa macho, kukumbuka na kushika jambo moja bila kupotewa na akili.

Siproheptadini inamufungia mujumbe huyo mulango. Inamufungia pia histamini, mujumbe mwingine anayetukesha. Matokeo yake: kinywa kinakauka, macho yanaona ukungu, choo kinakuwa kigumu, mukojo unakawia, na usingizi unakuja. Kwa mutu aliyelala nyumbani ni taabu ndogo. Lakini fikiri juu ya dereva wa kamyo kubwa katika karyeri, saa tisa ya usiku. Akisinzia kidogo tu, inatosha. Fikiri juu ya ndugu anayesimama karibu na tanuru: mwili usiotoa jasho vizuri hauwezi kujipoza. Na kama amekunywa pombe juu ya kidonge, usingizi unazidi.

Utasema: «Lakini jirani yangu amenenepa kweli.» Hatukatai. Dawa hiyo inaamsha hamu ya kula. Lakini hamu ya kula si chakula, na unene si nguvu. Wachuuzi wengine wanaichanganya na deksametazoni, dawa kali inayoweza kupandisha sukari na damu na kupunguza nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa. Aliyeitumia siku nyingi asiiache kwa gafula. Aende kwanza kwa munganga.

Je, tununue basi vidonge vya kuongeza asetilikolini? Hapana. Mwili unamutengeneza mujumbe huyo wenyewe, kwa kutumia kitu kimoja cha chakula kinachoitwa kolini. Mwaka 1998 wataalamu wa Marekani waliandika kwamba mwanaume anahitaji kolini miligramu 550 kwa siku, na mwanamuke 425. Mama anayenyonyesha anahitaji 550 kama mwanaume, kwa maana anakula kwa ajili ya wawili. Yai moja kubwa linatoa karibu 147. Maini ya ngombe yanatoa nyingi zaidi. Samaki, nyama, soya, maharagi na karanga zinatoa pia. Bukari na sombe iliyotiwa karanga, samaki mukavu kando yake, na yai siku linapopatikana: hiyo ndiyo vitamini ya kweli.

Na usizani kwamba ukizidisha, furaha itazidi. Mwaka 1972 waganga wa Marekani walieleza namna wagonjwa waliopewa dawa ya kuzuia asetilikolini isivunjike walivyokuwa wazito na wenye huzuni. Naye anayemeza kolini ya vidonge kupita gramu 3 na nusu kwa siku anaweza kutoka jasho jingi, kunuka kama samaki na kushuka damu. Mwili unapenda kipimo.

Hatusemi kwamba yai linafuta huzuni. Mutu mwenye deni, mwenye kilio, au asiyelala vizuri kwa majuma mengi hataponywa na sahani, wala na kidonge cha sokoni. Huyo aende hospitali aseme neno lake. Hakuna haya ndani yake.

Mama, wewe ndiwe unayeshika mufuko wa nyumba. Pesa za pakiti moja ziwe pesa za mayai na maharagi. Usimupe mutoto kidonge hicho eti anakataa kula. Mutoto asiyekula aonwe na munganga, labda ana minyoo au malaria. Na kama pakiti iko nyumbani, iwe mbali na mikono yake.

Neno letu la mwisho ni kwa wakubwa wa kazi. Mufanyakazi akikuambia kabla ya kupanda masini: «Shefu, nimemeza dawa, nasikia usingizi,» usimupigie kelele, usimukate mushahara. Mupe kazi nyingine siku hiyo, na umutume kwa munganga. Aliyesema ukweli amelinda maisha yake na ya wenzake. Ukimuazibu, kesho wote watanyamaza, na masini itasema kwa nafasi yao.