Bati Nalo Lipimwe Kwenye Mizani

Mkulima wa Shinyanga anapojinyima misimu mitatu, akauza pamba na juu yake akauza ng'ombe wawili, fedha ile haiendi kwenye anasa. Yaenda kwenye bati. Nyumba ya nyasi ina uzuri wake, hasa mchana wa jua kali, lakini nyasi huoza, hushika moto, na siku hizi hata mahali pa kuzikata pamekwisha. Basi mtu huezeka bati mara moja katika maisha yake, akitumaini kwamba na wajukuu wake watalala chini ya bati lile lile. Bati hilo likioza baada ya mvua za miaka minne, hana pamba nyingine ya kurudia kazi.

Twaandika haya kwa sababu ya jambo tuliloliona kwa macho yetu katika kijiji kimoja, si mbali na barabara ya Kahama. Tulipomwamkia mwenyeji wetu, alijibu, "Marahaba, wanangu. Karibuni mwone maajabu. Kuta zangu changa, paa langu zee." Kweli ilikuwa hivyo. Kuta za tofali zilikuwa bado zina rangi ya tanuri, lakini bati lilikuwa na madoa meupe kama majivu, na pale bati moja linapolala juu ya jingine palikuwa pamekwisha kuwa pekundu. Ndani ya chumba cha kulala sufuria mbili zilikuwa sakafuni zikingoja mvua. Mzee alikwisha kata shauri kwamba mwizi ni fundi aliyeezeka. Na fundi huyo ni mpwa wake, mtoto wa dada yake. Tangu mwaka ule hawasemezani.

Sisi twasema fundi yule hana kosa. Kosa lilikuwamo ndani ya bati kabla halijafika mikononi mwake, na yatupasa kueleza liliingiaje, maana mtu asiyejua atagombana na jamaa zake huku mwenye kosa akihesabu fedha.

Bati halizaliwi bati. Kwanza ni ukanda mrefu sana wa chuma chembamba, uliokunjwa kama mkeka, nao huitwa roli. Ukanda huo huoshwa mafuta na kutu, hupitishwa kwenye moto, kisha huzamishwa katika birika la zinki iliyoyeyuka, yenye joto la digrii 450 hivi. Unapotoka, upepo wenye nguvu hupulizwa pande zote mbili ili kupangusa zinki iliyozidi. Kazi ya zinki ni kujitoa mhanga: mvua na hewa huila yenyewe kwanza, na chuma kilicho chini yake husalimika. Mfaransa Sorel alipata hati ya ufundi wa kuzamisha chuma katika zinki mwaka 1837, na tangu siku hizo siri ya bati ni moja tu, yaani zinki iwe ya kutosha na iwe imeenea kila mahali.

Sasa, ukanda usiposafishwa vizuri, zinki haishiki, na hubaki vijidoa vilivyo uchi. Birika likiwa na taka, ukanda hutoka na vipele. Pitisha kiganja utavisikia. Upepo wa kupangusa ukiwa haukai sawa, upande mmoja hupata zinki nene na mwingine hupata ya kujipaka tu. Hayo ni makosa ya ngozi. Yako pia makosa ya umbo. Ukanda uliobanwa zaidi kingoni kuliko katikati hurefuka kingoni, basi kingo zake hupiga mawimbi. Uliobanwa zaidi katikati hutoa tumbo. Mwingine hupinda kwa upande kama upinde wa mshale. Roli kama hilo likipigwa migongo, bati lake halilali juu ya mwenzake. Fundi atagonga misumari mpaka jasho limtoke, lakini panabaki mwanya, na mvua yetu ya huku, inayokuja imelala kwa upepo, haikosi mwanya. Kisha mwenye nyumba husema fundi hajui kazi.

Madoa meupe ya yule mzee yalikuwa jambo jingine. Hiyo ni kutu ya zinki, nayo haitoki kiwandani sana, hutoka safarini na ghalani. Kutoka Dar es Salaam hadi Shinyanga ni karibu kilomita 1,000. Mabati yaliyofungwa kwa furushi yakinyeshewa njiani bila turubai, maji huingia kati ya bati na bati, hayapati hewa, nayo huanza kula zinki upesi kuliko mvua ya miaka mingi juu ya paa. Ajabu ya jambo hili ni kwamba bati lililoko juu ya furushi huonekana zima, na lililooza liko katikati. Mnunuzi huonyeshwa la juu. Yafaa ajue kwamba furushi likifika limelowa, dawa ni kulifungua siku ile ile, kusimamisha mabati kwa mshazari na kuyaacha yakauke. Duka linalolaza mabati juu ya sakafu ya udongo wakati wa mvua lauza hasara ya mwenziwe.

Wako watu wengi wanaochagua bati kwa maua yake. Twaomba radhi kuwavunja moyo. Maua makubwa yale yang'aayo huja kwa sababu ya risasi kidogo iliyochanganywa katika zinki na kwa jinsi zinki inavyopoa. Zinki isiyo na risasi hutoa maua madogo, au hayaonekani kabisa. Bati lenye maua makubwa laweza kuwa jembamba kama karatasi.

Na sasa tufike kwenye geji, maana hapo ndipo mlango wa ujanja ulipo. Kila mtu sokoni hutaja geji 28, geji 30, geji 32, na wengi wamekwisha jua kwamba namba ikipanda unene hushuka. Lakini geji ya nani? Kwa kipimo cha zamani cha Birmingham, geji 28 ni karibu milimita 0.40, geji 30 ni karibu 0.31, na geji 32 ni karibu 0.25. Kwa kipimo cha Marekani cha mabati ya zinki, geji 30 ni karibu milimita 0.40. Neno moja, unene mbalimbali! Muuzaji akikwambia "geji 30" hajakwambia kitu, na ukimshitaki atapata pa kujificha. Unene na utajwe kwa milimita.

Zinki nayo hupimwa kwa gramu. Bati lenye gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili pamoja, lina ngozi ya maikroni 20 hivi kila upande; lenye gramu 100 lina maikroni 7. Maikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Katika hewa kavu ya mashambani zinki hupungua chini ya maikroni 1 kwa mwaka, kwa hiyo aweza kila mtu kukisia tofauti ya umri wa mabati hayo mawili. Kwa macho hayatofautiani hata kidogo.

Huko Geita mambo yana sura nyingine. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa hangoji misimu mitatu. Duara likitema, hupata fedha kwa siku moja, hupanda gari mpaka Katoro, na jioni amerudi na mabati sitini bila kuuliza unene wala gramu. Katika makambi bati hung'olewa na kuhamishwa kila watu wanapofuata rashi mpya, na kila linapohamishwa huongezwa matundu ya misumari. Baadaye mabati hayo huuzwa vijijini kuwa "yametumika kidogo". Dhahabu imetoka ardhini mwetu, ikaenda ng'ambo, na mwenye kuichimba amebaki chini ya paa linalovuja, hili latuuma. Lakini tuseme kweli, sehemu ya hasara hiyo tumeinunua wenyewe kwa haraka yetu.

Na tusiwaseme wafanyabiashara peke yao. Wako wenzetu wa kamati za ujenzi, watu tunaowaita ndugu, ambao huchukua michango ya wazazi kwa ajili ya darasa, hununua bati jembamba kwa bei ya nene, na tofauti huingia mfukoni. Upepo wa kwanza unapokuja, bati jembamba huchanika pale kwenye msumari, na watoto hurudi kusoma chini ya mwembe. Mtu wa namna hiyo hatuoni apitwe vipi na mwizi wa ng'ombe.

Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 tunaukumbuka sote. Usiku ule mvua ya mawe na upepo viliipiga Mwakata, wilayani Kahama, nyumba zikaanguka, na watu zaidi ya 40 wakafa. Hatusemi kwamba bati ndilo lililoua, la. Kuta nyingi zilikuwa za udongo. Twasema tu kwamba huku kwetu paa si pambo.

Atatokea mtu aseme: maskini hana fedha ya bati nene, nanyi mkilikataza jembamba mtamrudisha kwenye nyasi. Neno hilo lina uzito, nasi hatulipuuzi. Hatutaki bati jembamba lipigwe marufuku. Banda la kuku halihitaji bati la kanisa. Tutakalo ni kwamba jembamba liuzwe kwa jina lake na kwa bei yake, na lililoliwa na kutu nyeupe litengwe na kuuzwa kama bovu, mbele ya macho ya mnunuzi. Nchi ina Shirika la Viwango tangu mwaka 1975, na ina Wakala wa Vipimo. Kila bati na lichapwe jina la kiwanda, milimita za unene na gramu za zinki, na wakaguzi wafike mpaka Katoro na Kahama, wasiishie Dar es Salaam.

Lakini tukingoja wakaguzi tu, mvua haitungoji. Wazee wa Usukuma walikwisha tufundisha njia. Walipochoka kupunjwa pamba yao kwenye mizani ya wanunuzi, waliweka watu wao wenyewe wa kupima, na katika harakati hizo vyama vya ushirika vikakua mpaka likaundwa, mwaka 1955, shirikisho la Victoria lililoongozwa na Paul Bomani. Bati nalo lapimika. Chukua kamba, ipitishe juu ya migongo na mabonde yote upate upana wa kweli, uzidishe kwa urefu. Chuma cha milimita 0.31 kina kilo 2.4 kwa kila mita ya mraba. Cha milimita 0.25 hakifiki kilo 2. Mabati 10 ya mita 3, ambayo kamba imeonyesha upana wa mita 0.9, yapaswa kuwa na kilo 65 hivi yakiwa ya milimita 0.31. Mizani ikisema 53, umeuziwa ya 0.25, hata muuzaji aape vipi.

Kila chama cha msingi kinachonunua pamba kina mizani. Pamba ikiisha, mizani hiyo hukaa ghalani miezi mingi bila kazi, na miezi hiyo ndiyo watu wanayojengea. Twawaomba viongozi wa vyama waitoe, wanakijiji wanunue mabati kwa pamoja, na mizani itangulie dukani kabla ya fedha. Yule mzee wa barabara ya Kahama ametuahidi kwamba atakapobadili paa lake atamwita mpwa wake, waende wote wawili.