Dirisha Kwanza, Mkeka Baadaye

BARAZA LA JUMAMOSI
Na Mwanakombo Athumani

Jumamosi iliyopita nilirudi kwenye darasa la yoga baada ya miezi mingi. Mlangoni palikuwa na chupa ya sanitaiza tuliyoizoea tangu 2020, na sote tukajipaka mikono bila kuambiwa. Kisha tukaingia chumbani, watu 14, mkeka ukigusa mkeka, madirisha yamefungwa ili baridi ya kiyoyozi isitoroke. Katikati ya somo mwenzetu mmoja akaanza kukohoa. Akajizuia, akanywa maji, akakohoa tena. Hakuna aliyeinuka kufungua dirisha. Nami sikuinuka, na jambo hilo limenikera wiki nzima.

Limenikera kwa sababu elimu hii tuliilipia ghali. Kenya ilitangaza kisa cha kwanza cha korona Machi 13, 2020. Kabla ya mwezi kwisha tulikuwa ndani ya kafyu, na Mei, Mji wa Kale hapa Mombasa ukazingirwa, hakuna kutoka wala kuingia. Madarasa ya mazoezi yaliporudi, walimu wengi walijitungia wenyewe namna ya kutulinda. Walitupima joto, wakafuta mikeka kwa dawa hadi ikachubuka, halafu wakafunga madirisha. Nia yao ilikuwa njema. Walilinda mikono, na hatari ilikuwa kwenye pumzi.

Habari za pumzi hiyo zilikuwa zimeshatoka Korea Kusini. Februari 15, 2020, wakufunzi 27 wa dansi ya mazoezi walikutana kwa saa nne katika mji wa Cheonan. Wanane kati yao walikuja kupatikana na virusi. Kabla ya Machi kufika katikati, visa 112 vilikuwa vimehusishwa na madarasa ya dansi katika kumbi 12. Katika madarasa hayo wanafunzi walikuwa wakicheza kwa nguvu dakika 50, hadi watu 22 katika chumba cha mita za mraba 60 hivi. Lakini mkufunzi mmoja aliyeambukizwa alikuwa akifundisha yoga na pilates, wanafunzi saba au wanane kwa darasa. Hakuna hata mmoja wao aliyepatikana na virusi. Watafiti walidhani kwamba utulivu wa mazoezi yenyewe ulichangia. Waliona pia kwamba madarasa ya dansi yenye watu chini ya watano hayakutoa mgonjwa.

Nawasihi walimu wasiichukue habari hiyo kama hirizi. Yoga si pumzi ya taratibu tu. Ina kapalabhati, ambapo hewa hupigwa nje kwa kishindo tena na tena. Agosti 2020, India, nyumbani kwa yoga, iliporuhusu taasisi zake zifunguliwe, Wizara ya Afya ilitaka kila mtu apate angalau mita nne za mraba. Mazoezi ya kriya, kapalabhati ikiwa mojawapo, yaepukwe, na kama hapana budi, yafanyiwe mahali pa wazi. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani (WHO) likaeleza bayana kwamba virusi huweza kuelea ndani ya vyumba vyenye watu wengi na hewa haba. Kiyoyozi cha ukutani hakitibu hilo, kwani kwa kawaida hupoza hewa ileile tuliyokwisha kuipumua na kuturudishia.

Mwalimu wangu wa wakati ule aliyaelewa haya mapema. Alituhamishia juu ya paa la nyumba ya jirani, alfajiri, upepo wa kusi ukitupiga. Darasa la watu 18 akalipunguza hadi saba, na kila mmoja akaja na mkeka wake. Aliacha kutusukuma mgongo kwa kiganja. Alituonyesha kwa mwili wake mwenyewe. Alijua kwamba anayezungumza saa nzima ndiye anayemwaga pumzi nyingi kuliko wote, hivyo akavaa barakoa, akaeleza kwa ufupi, kisha akanyamaza. Na kila jioni alituandikia ujumbe uleule: ukihisi homa au kikohozi, usijikaze, baki nyumbani.

Ila hesabu zake tulizijua sisi wachache. Wanafunzi saba hawalipi kodi ambayo 18 walikuwa wakiilipa. Akaongeza vipindi hadi sauti ikamkauka. Alipougua yeye mwenyewe, akatii amri yake, akakaa ndani siku kumi bila shilingi, maana mwalimu wa yoga hulipwa kwa darasa alilofundisha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Naamini walisema kweli, lakini mtu ambaye chakula cha watoto wake kinategemea kufika kazini, tumemwachia nafasi gani ya kutoyaficha?

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Hewa ya darasani tunaivuta pamoja, basi gharama ya kuisafisha tuibebe pamoja. Mwenye ukumbi akikodisha chumba kisichofunguka dirisha, tukikatae. Mwalimu akipunguza darasa, tukubali ada ipande kidogo. Mwanafunzi akibaki nyumbani kwa sababu ya kikohozi, alipe kama aliyekuja, ili mwalimu asimtamani mgonjwa mlangoni. Na mwalimu akiugua, tumchangie kama tunavyochangiana kwenye misiba na harusi.

Wapo watakaosema korona imepita. Ni kweli kwamba Mei 5, 2023, WHO ilitangaza mwisho wa dharura ya dunia, ila ilionya kuwa virusi bado vipo. Na kifua kikuu kilikuwa nasi kabla ya korona, nacho husafiri kwa njia hiyohiyo ya hewa. Janga jingine likija, halitatupa muda wa kujifunza upya kufungua dirisha.

Leo nitafika darasani robo saa mapema. Nimeshazungumza na mwalimu, naye amekubali tuzime kiyoyozi na tufungue pande zote mbili, joto tulivumilie. Ada ya mwezi mzima nimeshamtumia. Nikiamka na kikohozi nitabaki nyumbani, na pesa hizo zitabaki kuwa zake.