Mazoezi kwa Kipimo

Aliyepata kumtazama mtoto mwenye maradhi ya Duchenne akiinuka mkekani hasahau: hugeuka kifudifudi, akapiga magoti, akainua kiuno huku viganja vingali sakafuni, kisha akaviegemeza magotini na kuvipandisha mapajani kidogo kidogo, mithili ya mkwezi aukweaye mnazi, ila mnazi wenyewe ni mwili wake. Mashavu ya miguu yake yametuna, hata wageni humsifu kwa nguvu, ilhali misuli ile yaharibika na nafasi yake kushikwa na mafuta na makovu.

Umbo hilo huhadaa macho, na ndipo watu wazima wenye nia njema wanapokosea. Mwalimu humdhania mvivu, akamlazimisha akimbie na kupanda na kushuka ngazi pamoja na wenziwe. Madhara yake hayana shaka, kwani tangu 1987 wataalamu wametambua kuwa misuli hii imekosa protini iitwayo distrofini, ambayo huukinga utando wa kila uzi wa msuli, na mkazo unaouchana utando huo kuliko mwingine ni ule wa msuli unaojikaza huku ukivutwa, kama ufanyavyo wa paja mtu ashukapo ngazi.

Jamaa nao, wakishaambiwa jina la maradhi, humketisha barazani tangu asubuhi hata magharibi, asiachiwe hata kujivika shati. Hilo wengi huliona salama. Mimi naliona dhuluma, japokuwa latokana na mapenzi. Mguu usiotumika hupoteza hata ile nguvu ambayo maradhi hayajaitwaa, na ukano wa kisigino hufupika mpaka unyayo usiweze kukanyaga sawasawa.

Huko Nijmegen, Uholanzi, katika utafiti uliotangazwa 2013, walichukuliwa wavulana 30 wenye maradhi haya, wakagawanywa mafungu mawili. Fungu moja likapewa baiskeli zenye mota ya kuwasaidia, wakazizungusha kwa miguu na kwa mikono, dakika 15 kila upande, siku 5 kwa juma, kwa majuma 24. Walioendesha walidumu katika uwezo wao, na wenzao wakapungukiwa. Hakuna aliyedai kwamba wamepona, na idadi yao ilikuwa ndogo. Lakini kwa mzazi ambaye kila mwezi humwona mwanawe akipoteza jambo, kudumu ni neema kubwa.

Basi rai yangu ni kwamba mtoto apelekwe kwa mtaalamu wa tiba ya viungo siku ile ile maradhi yanapobainika, wala isingojwe mpaka ahitaji kiti cha magurudumu. Moyo wake upimwe. Aogelee akishikwa, maadamu maji humbeba. Na apumzike asemapo mwenyewe kuwa amechoka. Akiamka na maumivu ya misuli, zoezi limezidi. Na mkojo ukigeuka rangi ya kahawia, aonwe na daktari bila kuchelewa.

Yaliyobaki hayahitaji mashine. Nimemwona mama mmoja, baada ya sala ya isha, amekishika kisigino cha mwanawe kiganjani, akiuegemeza unyayo kwa mkono wake na kuurudisha taratibu kuelekea ugoko, akihesabu kwa kunong'ona hadi thelathini, huku mtoto akimhadithia mambo ya chuoni. Na hesabu ilipotimia, mtoto, pasina kukatiza hadithi yake, akampa mguu wa pili.