Hapigwi Mtu na Wastani

Wako walimu, nami nilikuwa mmoja wao, wamfundishao mwanafunzi kuweka rula juu ya grafu iliyopinda, kugawanya namba mbili, kisha kunyamaza. Hayo si mafundisho. Ni kumzoeza kasuku.

Jiwe liangushwapo kutoka juu, katika sekunde 2 hushuka karibu mita 20. Wastani wake ni mita 10 kwa sekunde. Je, ndiyo kasi ya kuipiga ardhi? Hasha! Lilianza na sifuri, likazidi kuharakisha. Itazame sehemu ya kumi ya mwisho ya sekunde: hupita karibu mita 1.95, yaani mita 19.5 kwa sekunde. Ufupishe muda tena na tena, utaikaribia 20. Huo ndio mwinuko wa mstari unaoigusa grafu mahali pale. Aliyesimama chini hapigwi na wastani.

Watasema, “Mtihani hauulizi sababu.” Lakini dereva mwenye kugonga mti haumizwi na wastani wa safari yake, bali na kasi ya dakika ile.

Basi, kijana, ukipewa jibu tupu, uliza kwa adabu: “Mwalimu, hiyo ni kasi ya wakati gani?”